Hotuba ya Mwenyekiti: Akiba ya Viroboto wa Maji

(Hotuba iliyosomwa na Mwenyekiti wa kikundi siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi, 2025)

Ndugu Mgeni Rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Bwana Samaki wetu wa Kata, viongozi wa dini, akina baba mliokuja kutuunga mkono, na ninyi akina mama wenzangu wanachama.

Awali ya yote tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Pili, mtaniwia radhi. Elimu yangu ni ya darasa la saba, na hotuba hii nimeiandika kwa mkono nyuma ya daftari la marejesho. Mjukuu wangu ameinakili, lakini maneno ni yangu. Kama kuna kosa, ni langu pia.

Habari za kuanzishwa kwa kikundi mwaka 2015, tukiwa akina mama 22 chini ya mwembe, hisa moja shilingi 1,000 na sanduku la kufuli tatu, Katibu amekwisha ziandika katika kurasa za mbele. Sitazirudia. Mimi nimeombwa nieleze habari za vifaranga vya kambale, kwa sababu kila mgeni akipita nyuma ya nyumba yangu anauliza: jamani, mapipa haya yenye maji machafu ni ya nini? Leo nitaeleza. Na ndani ya maelezo hayo kuna deni langu la siku nyingi ambalo nataka kulilipa hadharani.

HASARA YA MWAKA 2019

Sisi tunaoishi chini ya milima ya Uluguru tunapenda samaki, lakini bahari iko mbali. Wengi wenu mna vibwawa vya perege nyumbani. Mwaka 2018 tulichimba bwawa la kikundi, tukafuga kambale, tukavuna vizuri. Gharama kubwa ilikuwa kununua vifaranga wakubwa wa kidole. Mimi nikapiga hesabu zangu nikaona: vifaranga wa siku tatu bei yake ni ndogo sana. Tukiwanunua hao na kuwakuza wenyewe, tutafuga na tutauza kwa wengine.

Mweka Hazina wetu wa kwanza aliniuliza, “Dada, hao ni wadogo kama uzi. Tutawalisha nini?” Nikamjibu mbele ya watu kwamba yeye kazi yake ni kuhesabu fedha, mambo ya samaki aniachie mimi. Watu wakacheka. Tukachukua shilingi 600,000 kutoka kwenye sanduku, tukanunua vifaranga 3,000.

Tukawapa pumba laini na dagaa wa kusaga. Siku ya pili maji yakaanza kunuka. Siku ya nne wakaanza kuelea. Waliobaki hai wakaanza kulana wao kwa wao, maana kambale akiwa na njaa hamjui ndugu yake. Baada ya majuma mawili tulihesabu 140. Wanachama saba wakachukua hisa zao wakaondoka, na siwalaumu. Na katika uchaguzi uliofuata, aliyenyimwa kura ni Mweka Hazina. Watu walisema yeye ndiye aliyetoa fedha. Mimi niliyeamua nilibaki kwenye kiti, na nilinyamaza.

KWA NINI WALIKUFA

Baadaye tulielezwa kosa letu. Kifaranga wa kambale akitoka kwenye yai anabeba chakula chake tumboni, kile kiini. Kiini kinakwisha kwa siku tatu hivi. Baada ya hapo lazima ale, lakini tumbo lake bado halijakomaa kusaga pumba na dagaa mkavu. Siku kumi hadi kumi na nne za mwanzo anataka chakula hai, kidogo kuingia kinywani mwake, kinachochezacheza. Pumba asiyokula inazama, inaoza, inamaliza hewa ndani ya maji. Kwa hiyo wetu walikufa kwa njaa huku wamezungukwa na chakula.

Wenye mitaji hutumia mayai ya atemia. Huyu ni kiumbe mdogo wa maji ya chumvi, mayai yake makavu hufungwa kwenye makopo. Mengi hutoka kwenye Ziwa Kuu la Chumvi la Utah, huko Marekani. Unayaweka kwenye maji ya chumvi, kesho yake yanaanguliwa. Ni chakula kizuri sana, lakini bei ya kopo moja ilitushinda. Na atemia akitiwa kwenye maji yetu baridi yasiyo na chumvi, baada ya saa chache anakufa.

Ndipo Bwana Samaki alipotupeleka kwenye mashimo ya matofali, mahali bata wanaposhinda. Akachota maji kwa glasi nyeupe akainua juani. Tukaona vidude vidogo vinarukaruka, kama vumbi lenye miguu. Akasema, “Akina mama, atemia wenu ni hawa.”

VIROBOTO WA MAJI NI NINI

Tunawaita viroboto wa maji kwa sababu ya kule kurukaruka. Hawaumi mtu wala hawanyonyi damu. Wala si wadudu hasa, ni jamaa ya uduvi, kamba na kaa, ila wao wanakaa kwenye maji yasiyo na chumvi. Wako wa aina nyingi. Wakubwa kidogo wanaitwa dafnia. Wetu ni wadogo zaidi, wanaitwa moina: aliyekomaa hafiki hata milimita moja na nusu, na mtoto wake anaingia kinywani mwa kifaranga bila shida. Wanapenda joto letu hili, kati ya nyuzi 24 na 31.

Chakula chao ni vile vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoozesha takataka, na ule ukijani wa maji. Kwa hiyo wewe humlishi kiroboto. Wewe unaozesha kidogo, vijidudu vinaongezeka, kiroboto anakula vijidudu, kifaranga anakula kiroboto, na sisi tunakula kambale.

Na wanazaana haraka. Mambo yakiwa mazuri karibu wote ni majike, na wanazaa bila dume. Mtoto akifikisha siku nne hadi saba naye anazaa. Ndiyo maana kikombe kimoja cha mbegu kinajaza pipa kwa juma moja hadi siku kumi.

JINSI TUNAVYOWAFUGA

Wengi mmeomba niandike hatua, basi hizi hapa.

Kwanza, pipa au beseni. Maji yasiwe na kina kirefu, nusu mita inatosha. Pipa lisiwe la dawa ya shamba hata kama limeoshwa mara kumi. Liwekwe mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, mbali na kisima cha maji ya kunywa.

Pili, maji. Ya mvua au ya mto ni mazuri ukiyachuja kwa kanga. Ya bomba yaache wazi siku mbili ili dawa yake itoke.

Tatu, mbolea. Sisi tunatumia mbolea ya kuku iliyokauka, robo kilo kwa lita 200 za maji. Tunaifunga kwenye kitambaa na kuining’iniza ndani ya maji kama majani ya chai, isisambae. Tunaongeza maganda ya ndizi, majani ya kabichi yaliyooza, na maji ya kuoshea mchele. Masalia ya mboga tunayapata sokoni bure. Usitie kitu chenye mafuta, sabuni, chumvi au pilipili. Na kama kuku wamepuliziwa dawa ya utitiri, mbolea hiyo peleka mbali.

Nne, subiri siku tatu au nne mpaka maji yabadilike rangi, kijani au kama chai hafifu. Ndipo utie mbegu. Ukitia mbegu siku hiyohiyo ya mbolea, unawaua.

Tano, pima kwa mkono. Zamisha mkono taratibu. Vidole vikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, chakula kipo. Ukifika kwenye kiwiko na bado unaviona, ongeza nusu ya kipimo cha mbolea. Vikipotea hata kabla ya maji kufika kwenye kifundo cha mkono, umezidisha, punguza maji machafu na uongeze safi. Ukiona viroboto wamekuwa wekundu, maana yake hewa imepungua majini na wanajitengenezea damu ya kukabiliana nayo. Koroga polepole kwa fimbo asubuhi na jioni.

Sita, kuvuna. Asubuhi na mapema wengi huwa juu. Chota kwa kitambaa chepesi, na usivune zaidi ya robo kwa siku. Hapa ndipo wengi wetu tulipokosea. Unaona wamejaa, unatamani, unachukua nusu, kesho yake nusu tena, siku ya tatu unakuta maji matupu. Akina mama, sisi tunajua mkopo hautolewi mpaka sanduku liishe. Na hapa ni vivyo hivyo.

Saba, kulisha. Suuza viroboto kwenye maji safi kwanza ili mbolea isiingie kwa vifaranga. Siku za mwanzo pitisha kwenye chujio la chai, wakubwa wabaki juu, wadogo wapite. Wape vifaranga mara nne kwa siku. Uzuri wake ni kwamba asiyeliwa haozi, anaendelea kuogelea mpaka aliwe. Baada ya majuma mawili anza kuchanganya kidogo kidogo dagaa wa kusaga, mashudu ya alizeti na pumba. Viroboto ni chakula cha kukuzia watoto, hawatoshi kunenepesha kambale mkubwa.

Nane, nawa mikono kwa sabuni kila ukigusa mbolea, na watoto wasichezee pale.

CHANDARUA

Kufikia mwaka 2022 tulikuwa na mapipa manne na kazi inakwenda. Shida ikawa mbu. Maji yakisimama mbu anataga, na majirani wakaanza kulalamika, na walikuwa na haki. Mimi nikasema hili dogo. Nyumbani nilikuwa na vyandarua viwili vipya vya kulalia, vyenye dawa. Nikavikata vipande vinne nikafunika mapipa yote. Nikalala nikijiona nina akili.

Usiku ule wa Novemba ikanyesha mvua ya kwanza ya vuli. Vitambaa vikalemewa, vikazama majini. Asubuhi nikafunua pipa la kwanza: maji yametulia tuli. La pili, tuli. La tatu na la nne, vivyo hivyo. Chini kuna kitu kama unga wa rangi ya udongo. Ndio wao, wote.

Nilimwita Bwana Samaki. Hakuuliza habari za mbolea wala maji. Aliuliza, “Mmefunika na nini?” Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa. Dawa ile imewekwa imwue mbu, na viumbe kama viroboto wa maji inawaua kwa kiasi kidogo mno, na vifaranga vya samaki pia. Chandarua cha kulalia ni cha kulalia. Naomba sana, mtu asikitumie kuvulia samaki, kufunikia bwawa wala kuchujia maji. Siku hizi tunafunika kwa pazia jepesi la kawaida lisilo na dawa. Mapipa yale manne tuliyaondoa kabisa katika kazi hii.

Lakini siku ile, ndugu zangu, kwenye beseni ndani ya nyumba kulikuwa na vifaranga 2,500 wa siku nne, wamekwisha maliza kiini, wanasubiri kula. Mashimo ya matofali bado yalikuwa makavu, mvua moja haikutosha kuyajaza. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango. Nikaona mwaka 2019 umerudi, na safari hii hakuna wa kumsingizia.

MFUKO WA TOPE

Habari zikaenda kijijini. Saa nne hivi akaja Mweka Hazina wa zamani, ameshika mfuko wa sembe. Ndani kulikuwa na tope kavu, limepasukapasuka kama la shambani wakati wa kiangazi. Akasema, “Dada, tafuta beseni safi lisilo la mapipa yale.”

Nieleze mfuko ule ulitoka wapi. Mwaka 2021, mwezi wa saba, wakati wa baridi, yeye ndiye alikuwa zamu ya mapipa. Akaona mgongoni mwa baadhi ya viroboto kuna doa jeusi kama punje ya pilipili manga iliyosagwa. Akaja kuniuliza, nikamwambia ni uchafu. Yeye hakuridhika, akamwuliza Bwana Samaki. Akaelezwa kwamba maisha yakiwa magumu, kwa baridi au njaa au msongamano, viroboto wanazaa na madume, na majike wanataga mayai ya namna nyingine, yenye ganda gumu kama tandiko dogo jeusi, ndani yai moja au mawili. Mayai hayo yanazama kwenye tope. Maji yakikauka hayafi. Yanangoja mpaka mvua irudi. Ndivyo mashimo ya matofali yanavyojaa viroboto kila masika bila mtu kuwapeleka.

Basi kila tulipoosha pipa, mwenzetu alikuwa anachukua tope la chini, analianika kivulini, analitia mfukoni. Nilimwona nikacheka. Nikamwambia, hata tope sasa unaliwekea akiba? Akasema, “Ndiyo.”

Tulilitia tope lile kwenye mabeseni matatu ya maji safi, tukayaweka kwenye mwanga. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili hakuna kitu. Siku ya tatu alfajiri alinigongea dirisha. Tukainama na tochi, tukaona kimoja kinaruka, halafu viwili. Hawaanguliwi wote siku moja. Wengine walitoka juma lililofuata. Wahenga walisema akiba haiozi. Mimi nimeona akiba iliyokaa ndani ya tope zaidi ya mwaka mzima haikuoza.

Nisiwadanganye kwamba tuliokoa wote. Viroboto wachache hawawezi kulisha vifaranga 2,500 siku hiyohiyo. Tuliwapa kiini cha yai la kuchemsha kilichochujwa kwenye kitambaa, huku tukibadilisha maji mchana na usiku. Walibaki 600. Lakini mbegu haikupotea. Mwezi wa kwanza mwaka 2023 mapipa mapya yalikuwa yamejaa, tukanunua vifaranga wengine. Na mwaka huu, kati ya vifaranga 3,000, tumefikisha 1,900 wa majuma matano, tukaviuzia vibwawa vya wanachama na majirani. Hesabu yote iko kwa Mweka Hazina wa sasa, kila mwanachama ana haki ya kuiona.

DENI LANGU

Sasa nafika kwenye lile deni. Mwaka 2019 niliamua mimi. Fedha zilitolewa kwa neno langu. Mwenzetu aliuliza swali moja tu, nalo lilikuwa swali la haki: tutawalisha nini? Kama tungekaa kikao tukalijibu, shilingi 600,000 zisingepotea na wale saba wasingeondoka. Badala yake yeye akanyimwa kura kwa kosa langu, na mimi nikakaa kimya kama sijui. Hakuniambia neno. Aliendelea kuleta hisa zake kila Jumamosi, na kuanika tope lake.

Dada yangu, uko hapo mstari wa pili, usiiname. Naomba radhi mbele ya Mgeni Rasmi, mbele ya watoto wetu na mbele ya wanachama. Nilikosa. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi nilidharau mara mbili: nilidharau kiumbe mdogo, nikadharau na neno la mwenzangu.

Kwa hiyo nina mambo matatu ya kuomba kwa wanachama, tuyapitishe kwenye kikao cha Jumamosi.

La kwanza, mradi wa viroboto na vifaranga uwe chini yake yeye, akikubali, na jina lake liandikwe katika daftari la kikundi.

La pili, mfuko wa tope kavu uandikwe kama mali ya kikundi, ugawanywe kwa wanachama watano katika nyumba tano tofauti, na kila mwaka baada ya baridi tuweke mpya.

La tatu, fedha za sanduku zisitoke kwa mradi wowote mpaka swali la kila mwanachama lijibiwe na jibu liandikwe. Hata kama mwenyekiti amekasirika. Hasa kama mwenyekiti amekasirika.

Na wale saba waliotuacha, wawili nawaona wamekuja leo kula pilau letu. Karibuni sana. Mlango uko wazi, na hisa bado ni ndogo.

Kwa akina baba na wote mnaotuunga mkono, tunashukuru kwa mapipa, mbolea ya kuku na maneno mazuri. Kwa majirani, mbu tumewadhibiti, harufu tunaendelea kupambana nayo. Atakayetaka mbegu aje na chupa safi isiyo na sabuni, tutampa bure, kwa sharti moja: naye ampe mwingine.

Baada ya sherehe, anayetaka kuona ajionee. Glasi na tochi viko mezani kwa dada yangu.